Kipimo cha Mpira na Namba Zake: Mama, Soma Kabla ya Kutia Sahihi

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya hatutazungumza juu ya uji wa mtoto wala juu ya chanjo. Tutazungumza juu ya karatasi.

Mama anapompeleka mgonjwa hospitali, macho yake yote yako kwa mgonjwa. Anashika mfuko wa nguo, anashika chupa ya chai, anauliza njia ya kwenda maabara. Karatasi anazopewa dirishani anazikunja na kuzitia kwenye pochi. Akiambiwa atie sahihi, anatia. Akiona herufi na namba ngeni, anasema moyoni, "Hayo ni ya madaktari." Lakini, ndugu msomaji, herufi na namba hizo ndizo zinazoamua nani atalipa, atalipa kiasi gani, na nini kitaandikwa juu ya mwili wa mgonjwa kwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo ni jambo la jamaa nzima, na mama ni lazima alijue.

Tuchukue kipimo kimoja ambacho siku hizi kinasikika sana huku kwetu, yaani kile ambacho watu hukiita "kumeza mpira" au "kupiga kamera ya tumbo". Madaktari hukiita endoskopi.

KIPIMO CHENYEWE NI KITU GANI?

Endoskopi ni kuangalia ndani ya njia ya chakula kwa mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera mwishoni. Mpira ukipitishwa mdomoni, daktari huona umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo. Hospitalini mtasikia kikiitwa OGD. Mpira ukipitishwa nyuma, daktari huona utumbo mpana, na kipimo hicho huitwa kolonoskopi.

Mpira wa namna hii unaopindika si wa zamani sana. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi Marekani, aliumeza yeye mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Kabla ya hapo daktari alilazimika kutumia bomba gumu, au kukisia kwa kubonyeza tumbo na kwa picha ya eksirei.

Kwa kipimo cha juu mgonjwa hukaa bila kula kwa saa kadhaa, kwa kawaida tangu usiku. Kooni hupuliziwa dawa ya ganzi, na wengine huchomwa sindano ya kuwatuliza. Kipimo chenyewe kwa kawaida huchukua dakika chache tu. Madhara makubwa ni nadra, wala mpira haubaki tumboni kama wengine wanavyotishana sokoni. Aliyechomwa sindano ya kutuliza asirudi peke yake. Awe na mtu wa kumshika mkono mpaka nyumbani.

Kazi ya mpira si kuangalia tu. Kwa mpira huo huo daktari anaweza kunyofoa kinyama kidogo sana ili kipelekwe kuchunguzwa, na kitendo hicho huitwa biopsi. Anaweza kutoa sarafu iliyokwama kwa mtoto, kufunga mshipa unaovuja damu, au kupanua umio uliobana. Shikeni hapo, maana kila kitendo kati ya hivyo kina namba yake.

HERUFI NA NAMBA: UGONJWA NI MBALI, KAZI NI MBALI

Kwenye karatasi ya madai kuna namba za aina mbili, na wengi huzichanganya.

Aina ya kwanza hueleza kwa nini mgonjwa alihudumiwa. Hizi ni namba za magonjwa, na zimetungwa ili dunia nzima itaje ugonjwa kwa jina moja. Orodha ya kwanza ilikubaliwa mwaka 1893 mjini Chicago, ilipopelekwa na Mfaransa Jacques Bertillon, na wakati huo ilikuwa ya kuhesabia sababu za vifo tu. Toleo la kumi lilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990. Toleo la kumi na moja lilianza kutumika mwaka 2022, lakini mahali pengi toleo la kumi bado liko mezani. Katika toleo hilo la kumi magonjwa ya njia ya chakula yana herufi K. K25 ni kidonda cha tumbo. K26 ni kidonda cha mwanzo wa utumbo mdogo. K29 ni uvimbe wa utando wa tumbo. K21 ni tindikali inayopanda kwenye umio, ile inayochoma kifuani. K22.2 ni umio uliobana. Sarafu iliyokwama katika umio wa mtoto ni T18.1. Saratani zote zimo chini ya herufi C: C15 ni ya umio, C16 ni ya tumbo.

Ziko pia namba za dalili, kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana. Mama anayekuja akisema chakula hakipiti ataandikiwa R13, maana yake anameza kwa shida. Hiyo ni namba ya kweli kabla ya kipimo. Baada ya kipimo na baada ya majibu ya kinyama ndipo inapobadilishwa kuwa K au C. Basi mtu asione daktari hakujua kitu kwa kuwa karatasi ya kwanza imeandikwa R na ya pili imeandikwa K. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Aina ya pili hueleza ni kazi gani iliyofanyika. Hapa hakuna orodha moja ya dunia nzima. Kila mlipaji ana kitabu chake. Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya una kitita chake cha mafao, kila huduma na namba yake na bei yake. Marekani wana orodha yao iliyotungwa na chama cha madaktari wa huko mwaka 1966, na kila kazi ina tarakimu tano. OGD ya kuangalia tu ni 43235. OGD pamoja na kunyofoa kinyama ni 43239. Kolonoskopi ya kuangalia tu ni 45378, pamoja na kunyofoa kinyama ni 45380, na ya kuondoa kijinyama kilichoota kwa kitanzi cha waya ni 45385.

Namba ya ugonjwa na namba ya kazi ni lazima zioane. Mtu aliyeandikiwa R13 akifanyiwa OGD, mlipaji anaona mantiki. Lakini mtu aliyeandikiwa maumivu ya kichwa, halafu akadaiwa OGD, mlipaji atauliza: kichwa na tumbo wapi na wapi? Madai yatarudishwa. Hospitali haitalipwa, ingawa kazi ilifanyika na mgonjwa kweli alikuwa na shida. Mara nyingi kosa ni la kalamu tu: mgonjwa alitaja mambo mawili, karatasi ikaandikwa moja.

FUNZO LA MASHINE YA KUSAGA

Iko kanuni moja katika orodha ya Marekani ambayo inatufaa kuielewa hata sisi tulio Upare, kwa sababu inatufundisha jinsi ya kusoma ankara yoyote.

Ukipeleka debe la mahindi mashineni likobolewe na kusagwa, mwenye mashine anakutajia bei ya kukoboa na kusaga. Hawezi kukuongezea mstari mwingine wa "kuwasha mashine" au wa "kumimina mahindi". Bila kuwasha mashine angesagaje? Ndivyo ilivyo kwa endoskopi. Daktari hawezi kunyofoa kinyama bila kuangalia kwanza. Kwa hiyo kule Marekani akidai 43239, haruhusiwi kudai na 43235 kwa kipimo hicho hicho. Kuangalia kumo ndani ya kunyofoa. Akidai zote mbili anadai mara mbili kwa kazi moja.

Lakini tusivuke mpaka tukawaonea watoa huduma. Kinyama kilichonyofolewa hakijitibu wala hakijisomi. Hutiwa kwenye kichupa chenye dawa, hupelekwa maabara, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hupakwa rangi, na daktari mwingine kabisa hukiangalia kwa hadubini. Hiyo ni kazi ya pili, ya mtu wa pili, na ina namba yake na bei yake kwa haki. Kadhalika dawa ya usingizi, kama ilitumika. Kwa hiyo mama akiona mistari mitatu au minne kwa kipimo alichodhani ni kimoja, asipige kelele kwanza. Aulize: mstari huu ni kazi gani, na nani aliifanya?

Na hapa liko tatizo linaloumiza watu wetu. Mgonjwa huuliza bei ya kipimo, akatajiwa, jamaa wakachanga, wakasafiri. Kipimo kikafanyika, kinyama kikanyofolewa, kisha wakaambiwa kuna malipo ya maabara. Fedha zimekwisha, nauli tu ndiyo iliyobaki. Wanarudi nyumbani bila jibu la kinyama, nalo jibu hilo ndilo lililokuwa shabaha ya safari yote. Kipimo bila jibu la kinyama ni sawa na kulima shamba lote ukaacha kupanda. Swali la kuuliza kabla ya kuchanga si "Kipimo ni bei gani?" bali ni hili: "Kipimo, na kinyama, na maabara, na dawa ya kutuliza, vyote kwa pamoja ni bei gani?"

Wale wenye watoto au ndugu Marekani watasikia jambo jingine. Huko kuanzia mwaka 2021 watu wa kawaida wanashauriwa kuanza kupimwa saratani ya utumbo mpana wakiwa na miaka 45, hata kama hawaumwi, na kwa sheria ya mwaka 2010 bima nyingi hulipia kipimo hicho cha kinga bila kumtoza mtu. Lakini kolonoskopi ya mtu asiyeumwa na ya mtu anayetoka damu huandikwa kwa namba tofauti, ingawa mpira ni ule ule na daktari ni yule yule. Namba ikikosewa, mtu anaweza kutumiwa ankara kubwa. Basi mtoto wako akipiga simu analalamika juu ya ankara ya namna hiyo, mwambie aulize kwanza iliandikwa namba gani, kabla ya kukopa.

KUTOKA KIJIJINI HADI KCMC

Sasa turudi kwetu. Wazee wanakumbuka zama ambazo hospitali za Serikali hazikumtoza mwananchi kitu. Uchangiaji ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga, kisha sheria ya mwaka 2001 ikaueneza. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mshahara wa mtumishi ulichangiwa asilimia 6, nusu yake na mwajiri, na kadi zilimhusu yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4. Baadaye, kuanzia mwaka 2018, ilikuja CHF iliyoboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo utaratibu umekuwa ukibadilika, na asitokee mtu akasafiri kwa kutegemea yale aliyoambiwa jirani yake miaka mitatu iliyopita.

Njia ya mgonjwa hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya kama ile ya Same, au hospitali za madhehebu kama ile ya Kilutheri ya Gonja, kisha hospitali ya mkoa, Mawenzi, kisha hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ambako endoskopi hufanyika. Kutoka Same mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 100, na mtu wa Mamba Miamba au wa Chome anapaswa kwanza ateremke mlima. Safari si ndogo. Ni nauli za watu wawili, ni mahali pa kulala, ni siku za kazi zilizopotea, ni tangawizi iliyobaki shambani.

Kwa hiyo barua ya rufaa ni karatasi ya thamani kuliko nauli. Mwenye bima akifika hospitali ya kanda bila barua ya rufaa anaweza kurudishwa, au kuambiwa alipe mwenyewe. Barua ile iseme wazi dalili ni nini na zimeanza lini. "Tumbo" peke yake haitoshi. "Anameza kwa shida tangu mwezi wa pili, amepungua uzito" inatosha, kwa kuwa ndipo R13 inapozaliwa, na ndipo namba ya ugonjwa na namba ya kazi zitakapooana. Wenye CHF iliyoboreshwa walijua kwamba kadi yao iliishia hospitali ya mkoa. Na tarehe 1 Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia kitita kipya, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama kwa kutokubaliana juu ya bei. Maana yake ni kwamba kuwa na kadi ni jambo moja, na kadi kukubaliwa pale unapokwenda siku hiyo ni jambo la pili. Ulizeni kabla ya kupanda basi.

KADI SI KANGA YA KUAZIMANA

Hapa naomba tusemezane kama ndugu. Tufikirie mama mmoja, mwalimu, mwenye kadi ya bima. Wifi yake hana kadi, naye chakula hakimpiti. Anamjia jioni, anasema, "Wifi, nisitiri. Niazime kadi yako siku moja tu, tunafanana." Nani atakuwa na moyo wa kukataa? Katika mila zetu wifi ni mtu wa kuheshimiwa, na mgonjwa hanyimwi.

Lakini ona kitakachotokea. Kipimo kinafanyika kwa jina la mwalimu. Kinyama kinapelekwa maabara kwa jina la mwalimu. Majibu yakirudi C15, hospitalini ni mwalimu mwenye saratani ya umio, na wifi hana kumbukumbu yoyote. Wifi atakapohitaji matibabu makubwa, faili lake halipo. Na mwalimu atakapougua tumbo baadaye, daktari atafungua faili na kusoma ugonjwa ambao si wake, kundi la damu ambalo si lake, na dawa ambazo hakuzimeza. Kwa kutaka kuokoa mmoja, wawili wameingia hatarini. Tena ni udanganyifu mbele ya sheria.

Liko ombi jingine linalofanana na hilo: kumsihi daktari aandike ugonjwa mwingine "ili bima ikubali". Namba ya uongo haifutiki kirahisi, na anayeisoma baadaye ataiamini.

Basi tumwambie nini wifi? Tumwambie iko ofisi ya Ustawi wa Jamii hospitalini, ambayo kazi yake ni kuwasikiliza wasio na uwezo na kupendekeza msamaha au malipo ya kidogo kidogo. Aende na barua ya serikali ya kijiji. Na sisi wenye kadi, badala ya kumwazima kadi, tumchangie nauli na gharama ya maabara. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinachangia arusi na misiba. Mchango wa kipimo cha mtu aliye hai una faida kuliko sufuria la pilau la msiba wake.

DALILI ZA KUTOSUBIRI

Wengi wenye maumivu ya tumbo hawahitaji mpira mara moja. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua bakteria anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo anaweza kupimwa kwa choo na kutibiwa kwa vidonge. Vidonda vingine huletwa na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, zile tunazonunua dukani kwa ajili ya mgongo baada ya kulima, tukazimeza na tumbo tupu wiki baada ya wiki.

Lakini dalili hizi hazingoji gulio lijalo: chakula kukwama kikiteremka, kwanza ugali na nyama, baadaye hata uji, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungukiwa damu kusikoeleweka. Mtu mzima mwenye moja ya hizi aende hospitali wiki hiyo hiyo. Saratani ya umio inaonekana sana katika ukanda huu wa Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na wengi hufika hospitali wakati hata maji hayapiti.

Tena liko moja la jikoni. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, kupita nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Watafiti waliopima chai huku kwetu Kilimanjaro, nao wakatoa ripoti yao mwaka 2015, walikuta watu wakiinywa ikiwa na moto kuliko huo. Chai si adui. Imiminwe, ikae kidogo, ndipo inywewe. Pombe na tumbaku navyo vinaongeza hatari.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kwanza, angalia jina, umri na namba ya kadi. Herufi moja ikikosewa, madai yanaweza kurudi.

Pili, fomu ya madai ya bima ina mahali pa mgonjwa kutia sahihi kukiri kwamba alipata huduma zilizoorodheshwa. Usitie sahihi kwenye fomu tupu. Ni sawa na kutia sahihi hati ya shamba isiyo na mipaka.

Tatu, hesabu mistari. Kwa kila mstari uliza kwa adabu, "Daktari, naomba unieleze huu ni nini?" au "Dada muuguzi, kipimo hiki nilifanyiwa lini?" Kama kuna huduma ambayo hukuipata, sema kabla ya sahihi. Aliyeandika anaweza kuwa amechoka tu.

Nne, uliza kama kipimo kinahitaji kibali cha bima mapema, na kibali kiombwe kabla ya siku ya kipimo.

Tano, ondoka na karatasi mbili: ripoti ya kipimo, na tarehe na namba ya kufuatilia majibu ya kinyama. Andika namba ya simu inayopatikana milimani, hata kama ni ya jirani unayemwamini.

Sita, ukiona herufi usiyoielewa, usimpe mpita njia akusomee. Herufi C ikisomwa vibaya dirishani inaweza kuvunja moyo wa mgonjwa kabla daktari hajasema neno. Majibu yasomwe na daktari, mbele ya mgonjwa mwenyewe.

Saba, weka karatasi zote katika bahasha moja nyumbani, mahali penye ukavu, na mtu wa pili ajue zilipo.

Baadhi yetu tutaona haya kuuliza. Tukumbuke kuwa kuuliza msingi wa malipo si jambo geni Upare. Mwaka 1945 maelfu ya watu wetu waliteremka Same kupinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu kwa namna ambayo mlipaji hakuielewa. Mwaka uliofuata akina mama wa Usangi nao walijitokeza mbele ya wakuu, na hatimaye kodi ile ikaachwa. Mama wa leo hahitaji kuandamana. Anahitaji kufungua karatasi yake dirishani, aweke kidole kwenye mstari, na aulize kwa sauti ya upole mpaka aelewe.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya dawa za maumivu zinazouzwa madukani, jinsi ya kuzitumia na wakati wa kuziacha. Kwa leo, mwenye mgonjwa anayekwama chakula nyumbani aanze na jambo moja: kesho ampeleke zahanati, na waombe barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri.